Yule Mama wa Katikati ya Sahani

Sahani ile ilikuwa na watu kumi na watatu, na niliwajua wote kabla sijajua kusoma. Mmoja aliketi katikati, wanne walimzunguka, na wanane walikaa ukingoni kama waliochelewa mkutano wakakuta viti vimejaa. Ilikuwa ya shaba iliyopakwa fedha, pana kama ungo mdogo. Baba aliiweka ndani ya gunia la sukari chini ya kitanda chake, mahali ambapo watu wengine huweka hati ya shamba.

Baba alikuwa fundi wa chuma. Tulikaa upande wa Kitui, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Kabati, na watu walimletea majembe yaliyopasuka na visu vilivyochoka. Lakini kabla sijazaliwa, miaka ile Uhuru ulipokuwa bado mpya, aliwahi kufanya kazi kwa bibi mmoja Mzungu, muuguzi wa misheni. Siku moja sahani hiyo ilianguka kutoka ukutani kwa yule bibi ikabonyea. Baba aliinyoosha kwa siku nne. Aliilaza kifudifudi juu ya mfuko wa mchanga, akaigonga kutoka nyuma kwa nyundo ndogo ya pembe ya ng'ombe, pigo jepesi baada ya jepesi, kwa sababu sura zote za sahani ile zilikuwa zimesukumwa mbele kutoka nyuma. Yule bibi alikaa karibu naye akiogopa asije akaiharibu, na kwa sababu ya woga akawa anaongea. Ndivyo baba alivyoelezwa watu wote kumi na watatu. Aliambiwa kwamba sahani ya kwanza ya namna hiyo ilitengenezwa Ulaya karibu miaka mia nne nyuma, wakati mafundi wa huko walipopenda kuzipa fikira zao miili ya watu, na kwamba hii ilikuwa nakala tu. Bibi alipofunga masanduku kurudi kwao, sahani haikuingia sandukuni. Alimwachia baba.

"Hawa si watu," baba alikuwa akituambia Jumapili jioni alipoitoa guniani. "Kila mmoja ni kitu kisichoshikika. Fundi amekipa mwili ili apate pa kugonga."

Mwanamume mwenye upanga na radi mkononi alikuwa Moto. Kijana mwenye mabawa kofiani na fimbo iliyozungukwa na nyoka wawili alikuwa Upepo, lakini baba alimwita tarishi, maana yule bibi alisema hupeleka habari za wakubwa. Mwanamke aliyeshika masuke alikuwa Ardhi. Maji naye alikuwa mwanamke aliyejiegemeza kwenye mtungi uliolala, mtungi ukimwaga na usiishe, na huyo sisi watoto wa Kitui tulimtazama kuliko wote. Wale wanane wa ukingoni walikuwa mambo ya shule: Hesabu na kibao chake, Muziki, Nyota, yule wa kupima ardhi tuliyemwita sorovea, na wenzao, na msimamizi wao aliyevaa kofia ya chuma.

Yule wa katikati alishika jagi mkono mmoja na kikombe mkono wa pili. Jina lake lilikuwa Kiasi. Mimi kwa utoto wangu nilidhani ni mama wa kuuza maziwa, kwa sababu neno hilo nililisikia dukani tu, kiasi gani, kiasi hiki. Baba alicheka mpaka akakohoa.

"Kiasi ni kujua pa kuacha," akasema. "Anamimina, na anajua pa kuacha."

Mama alifariki akimzaa kitinda mimba wetu. Baba alimfuata baada ya miaka minne, kwa kifua, muhula wa tatu nikiwa darasa la saba. Nyuma yangu kulikuwa na kaka yangu wa miaka kumi na huyo mdogo wa miaka minne. Niliacha shule siku ya pili baada ya mazishi. Hakuna aliyenifukuza. Nilitazama unga uliobaki, nikatazama nyundo, nikahamisha fuawe ya baba nyuma ya jikoni, kwa sababu kwetu mwanamke hakai kwenye kiwanda cha fundi wa chuma watu wakimwona. Nilitengeneza koroboi za mikebe, nikaziba sufuria zilizotoboka. Siku ya soko nilizipeleka Kabati. Tulikula mara mbili kwa siku, kisha mara moja, lakini tulikula pamoja.

Huo ndio ulikuwa mwaka wa mahindi ya njano, yale ya msaada, magumu kama kokoto. Baba mkubwa, kaka yake baba aliyehamia milima ya Nunguni, alikuja kutuona akakaa nje kwenye kigogo. Huko kwake mvua haikumtupa kabisa.

"Siji kuwaiba," akaniambia. "Njaa ikiwakuta watatu pahali pamoja, itachukua watatu. Kijana atachunga ng'ombe wangu. Huyu mdogo kuna watu mjini Wote hawana mtoto, wana duka, atakula mkate. Wewe umeshakuwa mtu mzima, utaolewa."

"Baba mkubwa, hebu tungoje mvua."

"Mvua ya nani?"

Nilimwomba mpaka Disemba. Alikubali, lakini shingo upande. Aliondoka akisema atarudi akisikia lolote. Na kabla ya Disemba alisikia.

Kaka yangu ndiye aliyelianzisha. Shuleni walimzoea kwa mzaha. Kwenu mnakula misumari, walimwambia. Dada yako amekuwa mwanamume, siku hizi ananyoa ndevu. Siku moja kijana wa jirani yetu, yule wa ng'ambo ya mto, alimnyang'anya kipande chake cha muhogo, na kaka yangu akasema neno ambalo kwetu mtoto hapaswi kulitia mdomoni. Alisema, "Kwetu tuna kithitu."

Kithitu ni kitu cha kiapo cha Wakamba. Mtu akiapa mbele yake kwa uongo, anakufa yeye na nyumba yake. Wazee hawakitaji bila sababu. Na mtoto wa fundi wa chuma akikitaja, watu wanaamini upesi zaidi, maana laana ya fundi inaogopwa tangu zamani. Kaka yangu aliwaambia kiko chini ya kitanda, kina mtu wa radi na mtu wa nyoka na wanawake wasio na nguo, na kwamba amemtaja yule kijana mbele yake. Siku ya tatu tumbo la yule kijana likavimba. Akapelekwa zahanati akilia.

Sikujua lolote. Niliona tu koroboi mbili nilizouza zimerudishwa, zimewekwa kwenye kichaka cha lango, bila mtu kubisha hodi. Soko lililofuata wanawake walinipita. Mmoja aliyenipa sufuria yake niizibe aliichukua bila kuzibwa, akaibeba kwa kijiti. Hapo nilijua kuna kitu, kwa maana kitu cha kiapo hakishikwi kwa mkono, hubebwa kwa vijiti. Nilirudi nyumbani nikamkalisha kaka yangu. Alikana. Alikana huku anatazama chini ya kitanda.

Habari ikaja kwamba Jumamosi baba mkubwa atafika na mchungaji wa kanisa letu, kuangalia kilichomo nyumbani mwa fundi.

Asubuhi ile nilitenga mahindi na maharagwe kwa kikombe kama kawaida yangu, nikayabandika pamoja sufuriani, ndiyo isyo yetu, tangu kabla ya jua kutoka, kwa sababu mahindi ya njano hayana huruma. Walifika kama saa sita. Baba mkubwa alikuwa na magunia mawili matupu, ameyakunja vizuri chini ya kwapa. Ya nguo za watoto. Mchungaji alikuwa mzee mwembamba, kofia mkononi. Nyuma yao alikuja mama wa ng'ambo ya mto, mama wa yule mgonjwa. Hakuingia uani. Alisimama pale pale langoni, leso mdomoni.

"Msichana wangu," mchungaji akasema, "lete hicho kitu."

Niliingia ndani. Nilikitoa guniani. Nilifikiri kukificha kwenye paa, nikafikiri kutoka nacho kimefunikwa. Mwishowe nilikibeba kwa mikono miwili kikiwa wazi, kifuani, jinsi mtu anavyobeba mtoto. Mama wa langoni alirudi hatua tatu. Baba mkubwa alitazama mikono yangu, si sahani.

"Anakishika," akasema polepole. "Basi kimeshamzoea."

Mchungaji alivaa miwani yake iliyofungwa kwa waya. Aliinama, hakugusa.

"Huyu mwenye nyoka ni nani?"

"Ni Upepo. Baba alimwita tarishi. Hupeleka habari."

"Tarishi gani huyo anafika ofisini uchi?" baba mkubwa akauliza.

Mama wa langoni alicheka, mara moja, ndani ya leso, kisha akakumbuka mtoto wake akanyamaza.

"Baba aliuliza hivyo hivyo," nikasema. "Yule bibi akamjibu kwamba upepo hauna fundi cherehani. Hata maji. Si watu, mchungaji. Ni mifano."

"Mifano," akarudia. "Na huyu wa katikati?"

"Kiasi."

"Kiasi gani?"

"Si kiasi gani. Jina lake ndilo Kiasi. Anamimina na anajua pa kuacha."

Mchungaji aliinua kichwa. Kila mtoto wa kanisa letu aliwahi kuhesabu matunda ya Roho kwa vidole, na kiasi ndilo la mwisho, linaangukia kidole cha tisa, unabaki na kidole kimoja mkononi usijue cha kukifanyia. Nilimwona anavitazama vidole vyake. Nikadhani yameisha.

"Shetani naye anajua majina mazuri," baba mkubwa akasema. "Tusikae hapa tukisomewa. Yeye ni fundi, moto anao. Aiweke motoni sasa hivi tukiona. Akikataa, tumejua."

Mchungaji akavua miwani. "Ukiiyeyusha, msichana wangu, maneno yatakwisha."

Lakini nilijua hayangekwisha. Kuichoma ni kukubali. Wangesema kilikuwepo, kimechomwa, na wenyewe ni sisi. Kaka yangu angekuwa mtoto aliyemvimbisha mwenzake tumbo mpaka siku atakapozeeka. Nani angekula nyumbani kwetu? Nani angemwoa mdogo wetu? Na nisipoichoma, magunia yale mawili yangejazwa kabla ya saa tisa. Nilisimama na sahani kifuani. Kaka yangu alikuwa mlangoni, jasho limemtoka chini ya pua. Kuku walikuwa wameshauzwa wote, hata kelele ya kuku haikuwepo.

Mdogo wetu akanivuta sketi.

"Dada, isyo imeiva."

Nikaenda jikoni. Sikuwa nimepanga. Nilichukua kikombe changu nikachota isyo ya moto, nikaimimina juu ya uso wa yule mama wa katikati, kikombe cha kwanza, cha pili, cha tatu, mpaka jagi lake na kikombe chake vikafunikwa. Nikatoka nayo uani nikaiweka chini, mbele ya miguu ya mchungaji.

Walioniona walielewa. Kithitu hakilali nyumba moja na watoto, wala chakula hakikaribii. Anayekula palipo nacho amejila mwenyewe.

"Mchungaji," nikasema, "tuombee chakula."

Baba mkubwa alisema, "Usithubutu."

Mchungaji aliketi chini mbele ya sahani. Kisha akaiweka kofia yake juu ya goti, akafumba macho, akaomba. Yalikuwa maombi mafupi. Tulisema amina sisi wawili tu, mimi na mdogo. Mdogo alikuwa ameshatia mkono. Alikula akipulizia vidole, akachagua maharagwe kwanza, kama kawaida yake, nami kwa kawaida ningemkemea.

Nilikula. Kisha nikamtazama kaka yangu.

"Njoo ule."

Hakuja.

"Njoo."

Alikuja mpaka ukingoni mwa sahani akapiga magoti. "Nitakufa," akaninong'oneza, lakini uwanja ulikuwa kimya na kila mtu alisikia. "Dada, nilisema uongo. Nilisema ni kithitu. Nimeapa uongo, nikila hapa nitakufa."

Hapo nikajua kwamba hofu kubwa ya nyumba ile haikuwa langoni. Ilikuwa kwake. Siku zote hizo alikuwa analala juu ya kitanda kile akiamini alichokisema.

"Ni sahani," nikamwambia. "Baba aliinyoosha kwa siku nne. Kula."

Alikula analia, kamasi na mahindi pamoja. Mama wa ng'ambo ya mto alikuwa ameingia uani bila mimi kumwona.

"Ulimtaja mtoto wangu?"

"Nilimtaja, mama. Lakini hakuna kitu. Ni sahani."

Alimtazama muda mrefu. Kisha akatazama isyo. Aliinama akaokota punje moja ya njano, akaibonyeza kati ya vidole viwili. Ikapasuka, laini.

"Umeyapika tangu saa ngapi haya?"

"Tangu alfajiri, mama."

Akashusha leso kutoka mdomoni. "Mimi ya mtoto wangu niliyapika kwa muda wa saa moja tu," akasema. "Kuni ziliisha." Alikaa chini, miguu ameinyoosha mbele kama mtu aliyetembea mbali, akachota kwa mkono wake mwenyewe akala. Alikula kidogo tu. Alijua ni chakula chetu cha siku nzima.

Mchungaji alichukua punje tatu. Baba mkubwa hakula.

"Njaa haijali sahani," alisema, na hakuwa mwongo.

"Kweli," mchungaji akamjibu. "Lakini waache." Halafu akanigeukia mimi, na sauti haikuwa laini. "Umesema ni sahani. Basi iwe sahani. Yeyote atakayeingia hapa siku yoyote aikute na chakula. Siku nitakayoikuta imefungwa guniani, mimi mwenyewe nitamwandikia baba yenu mkubwa barua aje na magunia yake."

Baba mkubwa aliyabana magunia yake chini ya kwapa, akaondoka. Baada ya wiki tatu gunia moja lilirudi kwa gari la sokoni, limejaa maharagwe na viazi vitamu, bila barua. Nililitambua kwa kiraka.

Yule kijana alitoka zahanati. Koroboi zikaanza kuuzika tena, pole pole.

Mchungaji hakusahau. Alipita bila taarifa, mwaka baada ya mwaka, saa ambazo mtu hapiti. Siku moja aliikuta na ugali wa jana na chumvi. Akaketi, akala, akaenda zake. Nami kila jioni niliiosha kwa majivu na mchanga, kwa sababu mafuta ya chakula hayatoki kwa maji matupu, na hatukuwa na sabuni ya kupoteza. Baba alikuwa amenifundisha kwamba fedha husafishwa kwa kitambaa laini na pumzi ya mdomo tu. Nilikuwa nakumbuka maneno yake kila niliposhika mchanga. Kwanza fedha ilitoka kwenye magoti na vifua, shaba ikaonekana nyekundu chini yake. Kisha mabawa ya tarishi yakaisha. Nyoka wakawa mstari. Wale wa ukingoni walikaa zaidi, kwa sababu chakula hakikuwafikia sana. Hesabu alikuwa bado na kibao chake wakati kaka yangu anamaliza darasa la nane. Lakini yule mama aliyekuwa katikati, ambaye kila siku isyo ilimwangukia usoni, alikuwa ameshapoteza pua, halafu macho, halafu mdomo. Likabaki umbo la mtu aliyeketi, ameshika vitu viwili.

Wadogo zangu wawili sikuwagawa. Kaka yangu ni fundi wa kuchomelea, ana banda lake Wote. Mdogo wetu alimaliza sekondari miaka ya tisini, akapata nafasi ya chuo cha ualimu. Asubuhi aliyoondoka na sanduku lake la bati nililomtengenezea mwenyewe, nilirudi nyumbani nikakuta hakuna wa kupikiwa. Mchungaji alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Hakuna aliyekuwa ananidai chochote. Niliiosha sahani kwa kitambaa, nikaipindua.

Upande wa nyuma mchanga haukuwahi kufika sana. Mashimo ya sura zote yalikuwepo. Nilitia kidole cha shahada katikati nikaupata uso wa yule mama kutoka ndani: shimo la pua, mashimo mawili ya macho, jagi, kikombe. Na pembeni mwa shavu, alama ndogo ndogo zilizo karibu karibu ambazo hazikuwa za fundi wa Ulaya. Hizo zilikuwa za nyundo ya pembe.

Kaka yangu alipokuja Disemba nilimwonyesha. Aliigeuza huku na huku kwenye mwanga.

"Tuipige kutoka nyuma," akasema. "Nyundo ya baba si unayo? Uso utarudi."

"Shaba imekuwa nyembamba. Itapasuka."

"Wewe hutaipasua."

Labda nisingeipasua. Niliichukua mikononi mwake nikaingia nayo jikoni, kwa maana alikuwa amesafiri tangu asubuhi na hajala. Nilichota isyo kwa kikombe, kimoja, cha pili, nikasita, nikaongeza cha tatu, nikamwekea mbele yake.